Wapeni Wanubi nafasi waongoze: barua ya wazi kuhusu ziara za Makumbusho ya Nubia, Aswan

Kwa Wizara ya Utalii na Mambo ya Kale ya Misri, uongozi wa Makumbusho ya Nubia pale Aswan, UNESCO, na nyie wote mnaoandaa safari za kutupeleka huko kutoka Afrika Mashariki.

Salaam wakubwa zangu.

Naandika kwa Kiswahili na wala siombi radhi kwa hilo, mana najua Misri mna watu wanaokijua vizuri tu, Redio Cairo ilikua inatuongelesha kwa Kiswahili tangu miaka ya 1950 wakati wazee wetu bado wanadai uhuru, na leo hii Al-Azhar na Ain Shams wanakifundisha darasani, kwahiyo mkitaka kuisoma barua hii msomaji hamtamkosa. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari, natokea Mwanza, nilikuja Aswan na kundi la walimu na watu wengine wa huku kwetu.

Ombi langu naliweka mezani mapema: ziara za kuongozwa kwenye yale makumbusho zipewe muda wa maana na ziongozwe na Wanubi wenyewe, yaani wenyeji wa Nubia, ile nchi ya kando ya Naili kuanzia kusini mwa Misri mpaka kaskazini mwa Sudan, ili mgeni asitoke pale anamjua farao Ramses tu. Nitaeleza kwanini, naomba mnivumilie kama nitaenda mbali kidogo.

Niseme wazi kwamba makumbusho yenyewe ni mazuri mno na wafanyakazi wake walitupokea vizuri. Yalifunguliwa Novemba 1997, jengo alilichora Mmisri, Mahmoud El-Hakim, mpangilio wa ndani ukafanywa na Mmeksiko Pedro Ramírez Vázquez, na mwaka 2001 likapata tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo. Ukifika unaelewa kwanini walipewa. Jengo halishindani na ule mlima, limekaa chini chini kwenye miamba, mawe yake ni yaleyale ya Aswan, ya rangi ya mchanga na granaiti yenye wekundu kidogo, na nje kuna bustani kubwa inayoteremka na mfereji wa maji unaopita kwenye mawe kuonyesha Naili na maporomoko yake. Kuna nyumba ya Kinubi, kuna pango lenye michoro ya kale ya miambani, kuna na mawe ya duara la Nabta Playa ambalo watu wa jangwani walilisimamisha karne nyingi kabla piramidi ya kwanza haijajengwa. Mtu ukiachwa kwenye ile bustani peke yake jioni unaweza kukaa mpaka walinzi waje kukutoa.

Sasa sisi tulitembezwaje? Kampuni iliyotupeleka siitaji, na kwakweli si yenyewe peke yake, angalia ratiba za Aswan zinavyouzwa mitandaoni utaona zinafanana: Bwawa Kuu, hekalu la Philae, ile nguzo ya jiwe iliyoachwa haijamalizwa kuchongwa, alafu ulale mapema mana alfajiri ni mahekalu ya Abu Simbel. Makumbusho ya Nubia yanakuja mwisho, yameandikwa "muda ukiruhusu". Kwetu muda uliruhusu kidogo. Kijana aliyetuongoza alikua mchangamfu, tarehe zake kichwani, simlaumu hata kidogo, ila alifundishwa historia ya mafarao na ndo anayoijua, basi akatusimamisha mbele ya Ramses wa Pili, lile sanamu la kama mita 8 lililotoka hekalu la Gerf Hussein, akaongea weeee mpaka watu wakaanza kubadilisha miguu, alafu sehemu zote zilizobaki akazipita kama basi la mwendokasi lisilo na abiria wa kushuka.

Na Ramses kwa Nubia ni nani? Ni mtawala aliyekuja kujijengea mahekalu kwenye ardhi ya watu ili kila anayeshuka na mto ajue nani mkubwa. Ana nafasi yake pale, sawa, mahekalu yake yanapendeza. Lakini kuingia nyumba ya watu alafu ukakaa muda wote unamsikiliza mgeni wao, si heshima.

Ndani ya jengo lilelile kuna kichwa cha Taharqa, jiwe jeusi. Huyu mtu waumini wa huku kwetu wanamjua bila kujua kwamba wanamjua, fungua 2 Wafalme 19:9 utakuta Tirhaka mfalme wa Kushi, yaani ufalme wa kale wa Nubia, ndo huyohuyo. Alitawala kuanzia mwaka 690 mpaka 664 KK, kutoka Nubia kabisa mpaka kwenye Bahari ya Kati, Mwafrika mweusi amekalia kiti cha mafarao. Na hakua wa kwanza. Kabla yake alikuja mfalme Piye kutoka Napata, mji wa Wakushi, akapanda na jeshi lake kuelekea kaskazini akaichukua Misri mji kwa mji, na kwenye jiwe aliloandikisha habari zake anasema alipoingia mji wa Hermopolis akakuta farasi wa yule mfalme aliyeshindwa wamekonda kwa njaa wakati wa kuzingirwa, na jambo hilo lilimuudhi kuliko mengine yote aliyotendewa. Nawafundisha watoto vita na nasaba za wafalme miaka yote, lakini nikiwaambia kuna mfalme alishinda vita akakasirikia farasi kutolishwa, darasa zima linanyanyua kichwa. Hawa wafalme wa Kushi walivaa kofia yenye nyoka wawili kwenye paji la uso, wakati mafarao wengine kwa kawaida walivaa mmoja. Yupo pia Horemakhet, mtoto wa mfalme Shabaka, aliyekua kuhani mkuu wa mungu Amun pale hekalu la Karnak. Tulimpita bila hata kuambiwa jina lake.

Alafu tukawapita watu wa Meroe, mji mkuu wa baadaye wa Kushi. Jamani. Meroe ndo kwa kina Kandake, cheo cha malkia wa Wakushi, yule ambaye towashi wake alibatizwa na Filipo kwenye Matendo ya Mitume sura ya 8, hadithi ambayo mtoto wa Sunday school wa Bukoba au Kisumu anaijua kwa moyo. Mmoja wa hao malkia, Amanirenas, alipigana na Warumi, na mwaka 1910 wachimbaji wakakuta Meroe kichwa cha shaba cha Kaisari Augusto kimefukiwa chini ya kizingiti cha hekalu, kila anayeingia anamkanyaga. Hicho kichwa kiko London saivi. Wameroe walikua na maandishi yao wenyewe, sauti za herufi zake zilitambuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Mwingereza Griffith, lakini lugha yenyewe mpaka leo wasomi wanaielewa vipande vipande tu. Unaweza kuisoma kwa sauti na bado usijue kilichosemwa. Mwanafunzi gani hataki kusikia hilo?

Na Nubia ya Kikristo na ya Kiislamu ndo kabisa, hatukusikia. Kuna michoro ya makanisani iliyobanduliwa ukutani kabla maji hayajafika, macho makubwa yale, rangi bado zipo. Zilikuwepo falme tatu, Nobadia, Makuria na Alwa, zikapokea Ukristo karne ya 6, na jeshi la Waarabu lilipofika Dongola, mji mkuu wa Makuria, likakutana na wapiga mishale wa Kinubi walioogopwa kwa kulenga macho, mwisho pande mbili zikakubaliana mkataba mwaka 652, na ule mkataba ukasimamia amani na biashara kwa karibu miaka 600. Miaka mia sita! Uislamu ukaingia taratibu, kwa ndoa na biashara, si kwa siku moja. Sisi wa pwani na bara ambao tumezaliwa nyumba moja huyu Rajabu huyu Yohana, hii ndo historia tungekaa chini tukaisikiliza. Kundi letu lilikua na mashehe na wainjilisti ndani yake na wote walikua wanataka kuuliza maswali, lakini muda hakuna, twende twende.

Kwenye makabati ya vitu vya Ballana na Qustul nililazimisha kusimama. Makaburi yale yalichimbwa miaka ya 1930 na timu ya mwanaakiolojia Mwingereza Emery, wafalme walizikwa na mataji ya fedha yenye vito na farasi wao wakazikwa nao wakiwa wamevishwa matandiko yao. Wamemtengeneza farasi mzima pale wakamvisha lijamu na mapambo ya fedha, unaona kabisa jinsi hatamu inavyopita. Mwenzangu aliniambia kwa sauti ya chini, kumbe ule upendo wa Piye kwa farasi watu hawa hawakuuacha, na mimi nikamwambia umesema neno, ziara yote ingeweza kufungwa na uzi huo mmoja, farasi wa Piye mpaka farasi wa Ballana, zaidi ya miaka 1,000 katikati. Mtu anayeyajua haya kwa damu angetupitisha hivo.

Ila mambo yote hayo ningeweza kusoma kitabuni nikirudi. Kilichonifanya niandike barua ni sehemu ya kuhamishwa.

Mnajua kuliko mimi. Bwawa la kwanza la Aswan Waingereza walilimaliza 1902, likaongezwa kimo 1912, likaongezwa tena 1933, na kila likiongezwa maji yanapanda, mashamba na mitende inazama, watu wanajenga upya juu zaidi, wanaume wanaondoka kwenda Cairo na Alexandria kutafuta kazi za upishi na ulinzi wa milango ya watu. Alafu likaja Bwawa Kuu, ujenzi ukaanza 1960 ukaisha 1970. Kati ya 1963 na 1964 Wanubi wa upande wa Misri kama 50,000 wakahamishiwa Kom Ombo, na upande wa Sudan wengine kama hao wa Wadi Halfa wakapelekwa Khashm el-Girba, mamia ya kilomita kutoka kwao, sehemu ya mvua na ngurumo wakati wao ni watu wa jua na mto. Watu waliozoea kuamka na mto mbele ya mlango wakapewa nyumba zilizobanana kwa mistari, mto uko mbali. Nyumba zao za zamani mnazo kwenye picha na mmejenga mfano bustanini: ua mpana, ukuta umepakwa chokaa na kuchorwa kwa mkono, sahani za kauri zimepachikwa kwenye udongo juu ya mlango. Vijiji vipya vikapewa majina ya vile vilivyozama.

Yote hayo muongozaji wetu aliyasema kwa sentensi moja, kwamba Wanubi walihamishwa na serikali ikawapa nyumba mpya. Akaendelea na Abu Simbel.

Abu Simbel akaielezea vizuri kweli. Jinsi UNESCO ilivyotoa wito tarehe 8 Machi 1960, jinsi nchi zilivyochanga, jinsi kati ya 1964 na 1968 mahekalu mawili yalivyokatwa vipande zaidi ya 1,000 vikapewa namba, vikapandishwa mita 65 juu na kama 200 nyuma, kwa gharama ya kama dola milioni 40, na wakahakikisha mpaka jua linaendelea kuingia ndani kumulika sanamu mara mbili kwa mwaka. Kazi ya ajabu, napiga makofi mpaka kesho. Na kama shukrani Misri ikagawa mahekalu mengine, Dendur liko New York, Debod Madrid, Taffeh Leiden, Ellesyia Turin. Lakini wakubwa, mgeni akitoka pale anajua kila jiwe lilikwenda wapi na hajui mama wa kijiji cha Toshka kilichozama alikwenda wapi, hiyo ziara imekosewa. Jiwe lilipewa namba ili likifika lipangwe jirani na jiwe lilelile, watu je? Nani aliwauliza wanataka kukaa jirani na nani, na mto uwe upande gani wa mlango? Sipingi bwawa, mimi ni mtu wa Ziwa Victoria, najua umeme na maji ni nini, na kampuni za Misri ndo zimetujengea Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji tunawashukuru. Nasema tu gharama ya bwawa isimuliwe na waliolipa.

Pale pale kwenye picha za kuhama nilimkuta mzee mmoja na wajukuu zake. Kanzu nyeupe, kilemba kimefungwa kwa utulivu, fimbo kaiegemeza ukutani. Alikua anataja vijiji kufuata mto kutoka kusini, anakunja kidole kimoja kimoja, Adindan, Qustul, Ballana, Abu Simbel, Toshka, na kale kajukuu kadogo kanarudia nyuma yake kakikosea anakarudisha mwanzo. Mjukuu mkubwa ni mwanafunzi wa chuo anaongea Kiingereza, ndo akatueleza kwamba babu alihama akiwa mtoto, anakumbuka mama yake alifagia nyumba yote siku ya kuondoka, vyumba na ua, kama mtu anayesubiri wageni, wakaenda makaburini wakanyunyizia maji, wakapanda meli, na mbwa wakabaki wanakimbia ukingoni wanabweka mpaka hawasikiki tena. Mzee mwenyewe alikua hatuangalii, anaendelea na vidole vyake. Nilimwamkia kwa Kiarabu changu kibovu akanishika mkono akauacha ndani ya mkono wake muda mrefu. Nilikua bado nimeshikwa mkono wakati tunaitwa kwenye basi.

Yule mzee ndo alitakiwa kutuongoza. Au basi yule mjukuu wake.

Najua kuongoza wageni Misri kunahitaji leseni na masomo, sawa, utaratibu ni mzuri. Basi wasomesheni. Pale kijiji cha Gharb Soheil na kisiwa cha Elephantine vijana wa Kinubi wamejaa, wanaendesha boti, wanachora hina, wanawaonyesha watalii mamba ndani ya nyumba, wanaongea lugha za watalii walizojifunzia kwenye boti. Vijana hawa hawashindwi kujifunza Meroe na Kerma, ufalme wa Nubia wa kabla ya Kushi. Mtu ambaye bibi yake alizaliwa chini ya yale maji akikusimamisha mbele ya picha, hata akinyamaza tu umeelewa. Tengeni nafasi zao, lipeni masomo yao, na kampuni zinazouza safari ziambiwe kwamba ndani ya jengo lile anaongoza Mnubi. Sioni ugumu wa hilo.

Na lugha zao zisikike. Wanubi wa Misri wana Kinobiin na Kikenzi, zote ziko hai, na karne zile za falme za Kikristo lugha ya Kinubi ilikua inaandikwa kwa herufi zake, sala, mikataba, barua za watu, na siku hizi wapo vijana wanaozifufua herufi zilezile. Maelezo ya Kiarabu na Kiingereza yabaki, ila Kinubi kiongezwe, na kiongezwe mbele si kwa herufi ndogo chini. Wekeni na spika sehemu ya zile sanamu za harusi na madrasa na kusuka, mtu asikie bibi harusi anavyoimbiwa kwa lugha yake. Mtoto wa Kinubi aliyezaliwa Kom Ombo au Cairo akija na shule aone maneno ya nyumbani kwao yameandikwa ukutani kwenye jengo kubwa la serikali. Mimi ni mwalimu, naujua uso wa mtoto anayekuta lugha yake imeheshimiwa.

Kuna jambo la katiba, nalisema kwa adabu mana mimi ni mgeni. Katiba ya Misri ya 2014, ibara ya 236, inasema serikali itaandaa na kutekeleza miradi ya kuwarudisha wakazi wa Nubia kwenye maeneo yao ya asili ndani ya miaka 10. Miaka hiyo imeshatimia. Sidhani ni kazi ya makumbusho kurudisha watu, lakini ni kazi ya makumbusho kueleza, na hiyo ibara ni sehemu ya historia ya Nubia kama ilivyo ule mkataba wa 652. Ibandikwe pale, mgeni aisome.

Na Sudan msiisahau. Nubia kubwa zaidi iko upande ule, Kerma, Napata, Meroe, Dongola zote ziko kule, na piramidi za kule ni nyingi kwa idadi kuliko za Misri. Makumbusho ya Taifa pale Khartoum, yaliyofunguliwa 1971 na kutunza michoro ya kanisa kuu la Faras iliyookolewa na Wapolandi, yameporwa kwenye vita hii iliyoanza Aprili 2023. Aswan imejaa Wasudani waliokimbia, tuliwaona, wengine wanauza chai. Kati yao lazima wako walimu na wasomi wa historia. Waiteni wazungumze na wageni hata mara moja kwa wiki, wapate na riziki, mana kwa sasa Aswan ndo mlango uliobaki wazi wa kuingilia historia ile.

Kwenye kundi letu alikuwepo dada Mnubi wa Kibra, Nairobi. Alikua na hamu kuliko sisi wote, na alipojitambulisha yule kijana muongozaji wetu akamwambia wewe si Mnubi, akageuka akaendelea. Dada alinyamaza mpaka hotelini. Nyie wataalamu mnajua kwamba Wanubi wa Kibra na wale wa Bombo Uganda ni uzao wa askari wa Kisudani waliokua na Emin Pasha, gavana wa kusini mwa Sudan enzi za Misri, Mwingereza Lugard akawachukua 1891, wakaja kuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, wakakatiwa msitu wa Kibra kama makazi mwanzoni mwa karne ya 20, wakahangaika na vitambulisho na ardhi mpaka 2017 ndo wakapewa hati ya jamii ya ekari 288. Asili yao imechanganyika, makabila mengi ya Sudan yote, na Kinubi chao kimetokana na Kiarabu, si kile cha Aswan. Dada anayajua yote hayo vizuri, hakuja kudai Taharqa ni babu yake. Alitaka kujua jina analoitwa nalo maisha yake yote lilisafiri vipi kutoka mto ule mpaka kwao. Ni swali la haki, na mtu aliyeandaliwa angelijibu kwa dakika tano na dada angelala vizuri. Tena huyohuyo dada ndo aliyeweza kuzungumza maneno mawili matatu na yule mzee, Kinubi chake na Kiarabu cha madrasa, wakawa wanadakiana neno hapa neno pale, mzee akacheka. Wanubi wa Kenya na Uganda ni watu wenu wa kuwaalika, hata kama ni ukuta mmoja tu unaosema jina hili lilifika mpaka Ziwa Victoria.

Ambako ndiko maji yanakopita pia. Najua sehemu kubwa ya maji yanayofika Aswan inatoka Ethiopia, hilo halina ubishi, lakini hata ya kwetu yamo, yanatokea Jinja yanapita Uganda na Sudan zote mbili mpaka yanagonga ukuta wenu. Kwahiyo mkinisikia naomba na sauti ya Kiswahili kwenye vile vifaa vya kusikilizia, msione ni makuu. Kiswahili kina siku yake UNESCO, tarehe 7 Julai, kimekubaliwa Umoja wa Afrika, na watafsiri mnao hapohapo Cairo kama nilivyosema mwanzo, wanafunzi wa vyuo wangeifanya kama mradi wa masomo na sisi walimu huku tukawasaidia kuhakiki bure.

Kwa kampuni za huku nyumbani, kwenu ni dogo na halihitaji wizara. Futeni yale maneno "muda ukiruhusu". Wapeni wateja nusu siku, ile asubuhi ya kuzunguka madukani inatosha kabisa, na waulizeni kabla kama wanataka muongozaji Mnubi, mtashangaa wangapi watasema ndio.

Shule yetu na nyingine za jirani tunapanga kuleta wanafunzi likizo ya Desemba, wazazi wameshaanza kuchanga. Tunachohitaji kutoka kwenu ni barua inayosema tutapokelewa siku gani, tutaruhusiwa kukaa masaa mangapi ndani, na jina la Mnubi mmoja atakayetuongoza, awe mzee au kijana, malipo yake tutayabeba wenyewe. Mkitujibu kabla ya Oktoba tutawahi viza za watoto.

Mwalimu wa historia,
Mwanza, Tanzania